Teknolojia na kazi ya vikundi katika sekondari: Kutoka Oud Metha hadi Njoro

Kompyuta, vishikwambi na intaneti vimeingia katika madarasa mengi ya sekondari duniani, lakini matokeo yake yametofautiana mno. Mahali pengine vimewafungulia wanafunzi mlango wa maarifa. Mahali pengine vimefungiwa kabatini hadi vikapitwa na wakati. Makala hii inaeleza namna teknolojia inavyoweza kuunganishwa na kazi ya vikundi katika masomo ya sekondari, kwa kutazama mtaa wa Oud Metha mjini Dubai pamoja na uzoefu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki, awe nyumbani au ughaibuni. Mzazi anayefanya kazi Dubai ama hulipa ada ya shule huko huko, ama hutuma fedha nyumbani kwa ajili ya masomo ya watoto, na mara nyingi hufanya hivyo kwa kujinyima. Anapoambiwa anunue kishikwambi au kompyuta ya mkononi, ana haki ya kuuliza swali moja: kifaa hiki kitamwezesha mwanangu kujifunza jambo gani ambalo asingejifunza bila ya kifaa hiki?

Mtaa wa shule

Oud Metha uko upande wa Bur Dubai, jirani na Karama, si mbali na Khor, yaani mkono wa bahari unaoingia hadi katikati ya mji. Kituo cha treni cha Oud Metha, kwenye njia ya kijani, kilifunguliwa Septemba 2011. Ndani ya eneo hilo dogo kuna makanisa, hospitali, uwanja wa michezo na shule kadhaa ambazo historia yake inatangulia kuundwa kwa Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 1971. The Indian High School ilianzishwa mwaka 1961, Dubai English Speaking School, ambayo ni ya msingi, ilianzishwa mwaka 1963, na St. Mary's Catholic High School mwaka 1968.

Shule hizo zilianzishwa kwa ajili ya watoto wa watu waliotoka mbali kuja kufanya kazi Ghuba, na kila moja ilifuata mtaala wa kule walikotoka watu hao au waliouamini. Ndiyo maana hadi leo, katika mtaa mmoja, mtoto mmoja husoma mtaala wa India na jirani yake husoma mtaala wa Uingereza. Hakuna shule ya mtaala wa Kenya, Uganda wala Tanzania katika mtaa huo, kwa hiyo mzazi wa Afrika Mashariki hulazimika kuchagua kati ya mitaala ya wengine. Akifanya uchaguzi huo, ni rahisi kuvutwa na kile kinachoonekana kwa macho: maabara ya kompyuta, ubao wa kielektroniki, na wanafunzi wenye vifaa mezani.

Maana ya maneno

Kuingiza teknolojia katika somo si sawa na kufundisha somo la kompyuta. Katika somo la kompyuta, kifaa ndicho kinachosomwa. Katika somo la jiografia, kemia au historia, kifaa ni chombo cha kufikia jambo jingine, kama ramani, darubini au kamusi. Mwalimu anayeandika maelezo yale yale ya ubaoni kwenye projekta, huku wanafunzi wakinakili kimya, amebadilisha ubao tu. Somo limebaki lilivyokuwa.

Vilevile kazi ya vikundi haimaanishi kuwakalisha wanafunzi watano kwenye meza moja. Mtaalamu wa Marekani Robert Slavin, aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alisisitiza masharti mawili. La kwanza ni kwamba kikundi kiwe na lengo ambalo wote wanalitafuta pamoja. La pili ni kwamba kila mwanafunzi awajibike binafsi kwa kile alichojifunza. Sharti la pili likikosekana, mmoja hufanya kazi na wengine hutia sahihi.

Njia mbili zinazojulikana sana zinaonyesha masharti hayo kwa vitendo. Ya kwanza ilibuniwa mwaka 1971 na mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, wakati shule za mji huo zilipokuwa zikiwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliokuwa wakisoma kwa kutengana. Aronson aliligawa somo vipande vipande, akampa kila mwanafunzi kipande kimoja, ili pasiwe na mtu anayeweza kulielewa somo zima bila ya kuwasikiliza wenzake. Ya pili ilianzishwa mwaka 1991 na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Yeye huuliza swali, kila mwanafunzi hupiga kura ya jibu lake, kisha hujadiliana na jirani yake na kupiga kura tena. Kura hizo zinaweza kupigwa kwa kifaa cha kielektroniki, lakini pia zinaweza kupigwa kwa kuinua kadi ya karatasi yenye herufi.

Wakaguzi wa Dubai wanatazama nini

Dubai iliunda Mamlaka ya Maarifa na Maendeleo ya Binadamu, inayojulikana kwa kifupi kama KHDA, mwaka 2006. Ukaguzi wa shule za binafsi ulianza mwaka 2008, na ripoti zake zikawa zinachapishwa ili kila mzazi azisome. Kwa miaka mingi kiwango cha nyongeza ya ada ambacho shule iliruhusiwa kutoza kilihusishwa na daraja ililopata, hivyo maneno ya mkaguzi yaligusa mfuko wa mwenye shule na wa mzazi pia.

Mwongozo wa ukaguzi wa shule wa Falme za Kiarabu uliotolewa kwa mwaka wa masomo 2015/16 una kipengele kinachoitwa stadi za kujifunza. Chini yake wakaguzi hutakiwa kutazama, miongoni mwa mengine, jinsi wanafunzi wanavyoshirikiana na kuwasiliana, na jinsi wanavyofanya uchunguzi, wanavyofikiri kwa kina na wanavyotumia teknolojia katika kujifunza. Yapasa kuzingatia mpangilio huo: matumizi ya teknolojia hayakuwekwa peke yake kama idadi ya mashine, bali yamewekwa pamoja na uchunguzi na fikra.

Serikali nayo ilikuwa imetangulia kwa upande wa shule zake. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango wa elimu wa kisasa wenye jina la Sheikh Mohammed bin Rashid, mtawala wa Dubai, uliolenga kuwapatia wanafunzi wa shule za serikali vishikwambi na mtandao wa kasi. Mei 2025 Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba akili mnemba ingekuwa somo katika shule za serikali, kuanzia chekechea hadi darasa la 12, tangu mwaka wa masomo 2025/26.

Mtihani mkubwa wa mipango hiyo ulikuja Machi 2020, wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa COVID-19. Shule za Falme za Kiarabu zilifungwa tarehe 8 Machi, na baada ya majuma mawili masomo yakaendelea kwa njia ya mtandao. Siku chache baada ya Dubai, Kenya, Tanzania na Uganda nazo zilifunga shule. Tanzania ilizifungua zote kufikia mwisho wa Juni 2020. Kenya ilianza kuwarudisha baadhi ya wanafunzi Oktoba 2020 na wote Januari 2021. Uganda haikufungua kikamilifu hadi Januari 2022, baada ya takriban miaka miwili, muda uliotajwa kuwa mrefu kuliko wote duniani. Tofauti ya vifaa na mtandao ilionekana wazi. Lakini jambo jingine pia lilionekana hata kwa wenye vifaa: mwanafunzi aliyekaa peke yake mbele ya kioo, bila ya mwenziwe wa kumuuliza, alichoka upesi.

Kifaa peke yake hakifundishi

Ushahidi mzito zaidi umetoka Peru. Nchi hiyo ilinunua kompyuta nyingi za bei nafuu kwa ajili ya watoto wa shule, hasa za vijijini. Tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Amerika iliyotolewa mwaka 2012, baada ya kuzichunguza shule 319, haikuona nyongeza yoyote ya alama katika hisabati wala lugha. Shirika la UNESCO lilirejea mfano huo katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu, likieleza kwamba zaidi ya kompyuta milioni 1 ziligawiwa Peru bila ya kuingizwa katika njia za kufundishia, na kwamba elimu haikuboreka.

Shirika la OECD nalo lilichapisha ripoti mwaka 2015 kuhusu wanafunzi na kompyuta. Liliona kwamba nchi zilizotumia fedha nyingi kununua vifaa kwa ajili ya shule hazikupata maendeleo ya kutajika katika kusoma, hisabati au sayansi. Wanafunzi waliotumia kompyuta shuleni kwa kiasi walifanya vizuri kidogo kuliko wale walioitumia kwa nadra, lakini waliozitumia kupita kiasi walifanya vibaya zaidi.

Hayo hayana maana kwamba vifaa havifai. Yana maana kwamba kifaa huongeza nguvu ya kile kilichokuwapo kabla yake. Somo lenye swali zuri na mgawanyo mzuri wa kazi hupata nguvu zaidi. Somo la kunakili huwa la kunakili kwa haraka zaidi.

Robo karne ya majaribio Afrika Mashariki

Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. Mwaka 1997 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya majaribio ya mpango wa Benki ya Dunia wa kuziunganisha shule za sekondari kwa intaneti. Shule za Gayaza, Namilyango na Mengo zilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Kiini cha mpango huo kilikuwa ushirikiano: wanafunzi wa Uganda wafanye mradi mmoja na wanafunzi wa nchi nyingine kwa barua pepe. Wakati huo mtandao ulikuwa wa polepole na wa ghali, na huenda uhaba huo uliwafundisha walimu jambo jema, kwamba kila dakika ya mtandao ipangiwe kazi kabla ya kuwasha kompyuta.

Mwaka 2003 mpango wa NEPAD wa Umoja wa Afrika ulitangaza mradi wa shule za kielektroniki, ukalenga kuanza na shule sita za sekondari katika kila nchi iliyoshiriki. Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwamo. Rwanda ikaendelea kwa njia yake: kuanzia mwaka 2008 iligawa zaidi ya kompyuta ndogo 200,000 kwa watoto wa shule za msingi. Kenya iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza wakati wa uchaguzi wa 2013, na ugawaji ulipoanza mwaka 2016 ulifikisha vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi za umma. Shule za sekondari, ambako masomo yanahitaji uchunguzi mpana zaidi, hazikuwa sehemu ya ugawaji huo mkubwa.

Mitaala yenyewe imekuwa ikisogea upande wa ushirikiano. Tanzania ilianza kutumia mtaala wa sekondari unaojengwa juu ya umahiri mwaka 2005. Kenya ilianza majaribio ya mtaala wake wa umahiri mwaka 2017, na katika orodha ya stadi za msingi za mtaala huo mna mawasiliano na ushirikiano, na pia ujuzi wa kidijitali. Hata hivyo, mtaala ni karatasi mpaka mwalimu mwenye wanafunzi 60 na vipindi 30 kwa wiki apate namna ya kuutekeleza.

Mwalimu wa Keriko

Tarehe 24 Machi 2019, mjini Dubai, tuzo ya mwalimu bora wa dunia, yenye thamani ya dola milioni 1 za Kimarekani, alikabidhiwa Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia kutoka Kenya. Alikuwa mwalimu wa kwanza wa Afrika kuipata. Tuzo hiyo hutolewa na Wakfu wa Varkey, wa familia iliyoanza biashara ya shule mjini Dubai mwaka 1968.

Tabichi alikuwa akifundisha katika Shule ya Sekondari ya Keriko, kijijini Pwani, eneo la Njoro katika kaunti ya Nakuru. Maelezo yaliyotolewa na waandaaji wa tuzo yalionyesha hali ya shule hiyo. Ilikuwa na kompyuta moja tu na mtandao hafifu. Kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58. Takriban asilimia 95 ya wanafunzi walitoka katika familia maskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Pamoja na hayo, mwalimu huyo alitumia teknolojia katika asilimia 80 ya vipindi vyake. Alikwenda kwenye mikahawa ya intaneti, akapakua alichohitaji, kisha akakitumia darasani bila ya mtandao.

Jambo la pili alilolifanya ndilo lililozaa matunda zaidi: aliimarisha chama cha sayansi na kuanzisha chama cha kukuza vipaji, ambako wanafunzi walifanya miradi kwa vikundi. Kikundi kimoja kilibuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Kingine kilizalisha umeme kutokana na mimea ya eneo lao na kutuzwa na chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry. Timu ya hisabati ya shule ilifuzu kwenda katika maonyesho ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani, mwaka 2019. Idadi ya wanafunzi waliokwenda vyuoni ilipanda kutoka 16 kati ya 59 mwaka 2017 hadi 26 mwaka 2018.

Kwa mtu anayetembea kati ya shule za Oud Metha zenye vifaa tele, mfano wa Keriko hausemi kwamba umaskini ni mzuri. Unasema kwamba hesabu ya kompyuta kwa kila mwanafunzi si kipimo cha kutosha. Keriko ilikuwa na kompyuta moja, lakini pia ilikuwa na swali lililohitaji watu wengi kulijibu.

Somo moja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa somo linalofaa kufundishwa Oud Metha na pia Lamu, Bagamoyo au Mombasa: biashara ya majahazi kati ya Ghuba na pwani ya Afrika Mashariki. Tuseme darasa lina wanafunzi 40 na vipindi viwili vya dakika 40.

Kwanza, mwalimu analigawa darasa katika vikundi 10 vya wanafunzi wanne. Hivi ndivyo vikundi vya nyumbani. Kila mwanafunzi katika kikundi anapewa mada yake. Mada ya kwanza ni pepo: kwa nini kaskazi, inayovuma kati ya Desemba na Machi, ilileta vyombo pwani ya Afrika, na kusi ikavirudisha. Ya pili ni chombo chenyewe: mbao, tanga na namna ya kuunda jahazi. Ya tatu ni shehena: tende zilizotoka Ghuba, na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji zilizoezeka nyumba za Ghuba. Ya nne ni watu na lugha: familia zilizohamia pande zote mbili, na maneno ya bahari kama nahodha na bandari ambayo yana asili ya Kiajemi.

Pili, wenye mada moja wanakutana. Kwa kuwa kila mada ina wanafunzi 10, wanagawanyika vikundi viwili vya watano, jumla vikundi vinane. Hapa ndipo teknolojia inapoingia. Kila kikundi kinapata kifaa kimoja chenye ramani, picha na maandishi ambayo mwalimu ameyapakua mapema. Kwa hiyo vifaa vinane vinatosha darasa la watu 40. Ndani ya kikundi kuna kazi tano: mmoja anashika kifaa, mmoja anaandika, mmoja anahoji kila dai limetoka wapi, mmoja anachora, na mmoja anatunza muda. Kila baada ya dakika chache kazi hizo zinazunguka.

Tatu, kila mmoja anarudi katika kikundi chake cha nyumbani na kuwafundisha wenzake watatu. Vifaa vimefungwa. Hiki ndicho kipindi cha kelele, na mwalimu asiogope, maadamu kelele hizo ni za somo.

Nne, kila kikundi cha nyumbani kinajibu swali moja linalohitaji vipande vyote vinne, kwa mfano: kama ungekuwa nahodha uliyetia nanga Dubai mwezi Oktoba, ungepakia nini, ungeondoka lini, na ungerudi na nini? Mwalimu anamtaja mwanafunzi yeyote azungumze kwa niaba ya kikundi, bila ya kutangaza mapema ni nani. Mwisho, kila mwanafunzi peke yake anajibu maswali mafupi matano kwa kalamu na karatasi, na maswali hayo yanagusa mada zote.

Somo hilo linaweza kupanuliwa zaidi ya kuta za shule. Wanafunzi wa Dubai wanaweza kwenda mtaa wa kale wa Al Fahidi, kandokando ya Khor, wakapiga picha za dari zenye boriti na kupima urefu wake. Wenzao wa Lamu wanaweza kuwauliza wazee jinsi boriti zilivyokatwa, zilivyohesabiwa na kupakiwa. Kila upande unao ushahidi ambao upande wa pili hauna, kwa hiyo ushirikiano unakuwa wa lazima badala ya kuwa wa adabu tu. Tofauti ya saa kati ya Dubai na Afrika Mashariki ni saa moja, lakini hata mkutano wa moja kwa moja si lazima. Picha na maandishi vinaweza kutumwa mtandao unapopatikana.

Kasoro zinazojitokeza

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini walisema pia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali zote mbili ni za kweli darasani.

Kasoro ya kwanza ni kutegea. Mhandisi wa Ufaransa Max Ringelmann, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1913, aliwapima watu waliokuwa wakivuta kamba na kuona kwamba kadiri idadi ilivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu ndogo zaidi. Dawa yake ni vikundi vidogo vya watu watatu hadi watano, kazi iliyogawanywa kwa majina, na alama ya mtu binafsi pamoja na ya kikundi. Pale ambapo wanafunzi huandika waraka wa pamoja kwenye kompyuta, programu nyingi huhifadhi kumbukumbu ya nani aliandika nini, na mwalimu anaweza kuitumia kama ushahidi.

Kasoro ya pili ni nani anayeshika kifaa. Pasipo kanuni, mwanafunzi mwenye kompyuta nyumbani ndiye hushika, na katika madarasa mchanganyiko mara nyingi huwa mvulana. Wengine hutazama tu. Inafaa kukumbuka kwamba katika mtihani wa PISA wa mwaka 2015, uliopima uwezo wa kutatua matatizo kwa kushirikiana, wasichana waliwashinda wavulana katika kila nchi iliyoshiriki. Kumnyima msichana kibodi ni kukinyima kikundi chote.

Kasoro ya tatu ni lugha. Katika sekondari nyingi za Afrika Mashariki masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliye kimya mbele ya darasa huenda si mjinga bali anaogopa kuchekwa. Kikundi kidogo humpa nafasi ya kulielewa wazo kwa Kiswahili kwanza, kisha kulisema kwa lugha ya mtihani. Mwalimu akipiga marufuku hatua ya kwanza, mara nyingi hupoteza hatua zote mbili.

Kasoro ya nne ni mtihani. Wazazi huuliza kwa haki: kikundi hakiingii katika chumba cha mtihani, sasa faida iko wapi? Mifumo imeanza kujibu, kila mmoja kwa kiasi chake. Katika mtaala wa India, unaofuatwa na baadhi ya shule za Oud Metha, mtahini wa darasa la 10 hupata alama 80 kwa mtihani wa mwisho na 20 kwa tathmini ya ndani ya shule. Nchini Kenya, kupangiwa sekondari ya juu kunategemea asilimia 60 ya mtihani wa mwisho wa darasa la 9, asilimia 20 ya tathmini za shuleni za darasa la 7 na 8, na asilimia 20 ya mtihani wa darasa la 6. Hata hivyo sehemu kubwa bado ni ya mtu mmoja na kalamu yake. Ndiyo sababu maswali mafupi ya mwisho wa somo hayapaswi kuachwa.

Kasoro ya tano ni mpya zaidi. Programu za akili mnemba zinaweza kuandika insha ya kikundi kizima kwa sekunde chache. Kuzikataza pekee hakutoshi. Kinachosaidia zaidi ni kuweka kazi ambayo jibu lake linahitaji ushahidi wa mahali hapo: boriti iliyopimwa, mzee aliyehojiwa, udongo uliopimwa kwenye shamba la shule. Kisha mwanafunzi aeleze kwa mdomo jinsi alivyoupata.

Shule isiyo na umeme wa uhakika

Kwa mujibu wa ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023, ni nusu tu ya shule za sekondari za ngazi ya chini duniani zilizounganishwa na intaneti, na shule moja ya msingi kati ya nne haina umeme. Walimu wengi wa Afrika Mashariki wamo katika upande huo wa hesabu.

Kwao mpangilio ule ule unaweza kuanza na simu moja ya mwalimu. Picha moja au video fupi hutazamwa na kikundi kimoja kwa dakika tano, huku vikundi vingine vikifanya kazi nyingine, kisha zamu huzunguka. Redio iliyorekodiwa, gazeti na kitabu cha kiada ni vyanzo halali vya kikundi. Kura ya Mazur kwa kadi za karatasi haihitaji umeme kabisa. Vifaa vikipatikana baadaye vitakuta darasa lililokwisha kuzoea kugawana kazi, na hapo ndipo vitafaa.

Maswali kwa mzazi

Mzazi anayechagua shule, Oud Metha au Arusha, anaweza kuacha kuuliza shule ina kompyuta ngapi na kuuliza haya badala yake. Wanafunzi hutumia vifaa hivyo katika masomo gani, na kwa kazi ipi? Je, walimu wamepewa mafunzo na muda wa kuandaa masomo ya namna hiyo? Kikundi kina watu wangapi, na alama hugawanywaje? Wasichana hushika vifaa mara ngapi? Mtandao ukikatika, somo huendelea au husimama?

Na jioni mtoto anaporudi nyumbani, au anapopiga simu kutoka bweni hadi Dubai, swali moja fupi hueleza mengi kuliko ripoti ya shule: katika kazi ya kikundi leo, sehemu yako ilikuwa ipi, na mwenzako alikufundisha nini?